Kile Chuma cha Mlango wa Stoo

Nekesa mwanangu, mayi,

Nakuita mayi, yaani mama, kama nilivyomwita nyanya yako uliyepewa jina lake, na pia kwa sababu leo nina neno ambalo siwezi kulisema nikikuona kama mtoto.

Ukiinua begi lako la bluu utalisikia ni zito kuliko ulivyolipanga. Usifikirie nimekuongezea unga. Umeshaniambia mara tatu kwamba huko Myanga, Bungoma, unakoenda kesho pia watu wanakula. Ndani, chini ya blanketi, nimefunga kwa leso yangu ya kijani kile chuma cheusi kinachozuia mlango wa stoo usijifunge. Kile kilichokuumiza kidole Krismasi ukalia kama mtu amefiwa. Maliza kusoma kwanza, halafu ucheke ukitaka.

Sasa hivi uko saluni unasukwa. Nakijua kichwa chako, na namjua msusi wako anavyopenda hadithi, kwa hivyo nina mpaka saa kumi na mbili. Maziwa ya leo yameisha, duka nimefunga, nimekaa kwa meza na kitabu chako cha hesabu cha kidato cha nne, upande wa nyuma ambao hukuandika. Habari za kuvaa sweta na kusali siandiki. Sweta unalo, na Mungu wa Bungoma ni yuleyule wa Kitale. Na usihesabu makosa ya mwandiko. Niliishia darasa la sita, lakini hilo la sita nilirudia mara mbili, kwa hivyo ukijumlisha vizuri nilifika la nane.

Wewe wajua mama yako alivyo. Nimetembea mimi. Nimeuza nguo Mbale, nimeuza vitunguu Juba, nimevuka pale Lwakhakha mara nyingi mpaka wale wa mpakani wakawa wananiuliza habari za ng'ombe wangu kwa majina. Naweza kupunguza bei kwa lugha tano na kutukana kwa saba. Hakuna maziwa mala Kitale nzima yanayoshinda yangu, na anayebisha alete yake tuonje. Haya yote umeyasikia tangu ukiwa mgongoni, na najua ukiwa na wenzako unaniiga. Niliwahi kukusikia. Unaiga vizuri.

Lakini kuna moja ya safari hizo sijawahi kumwambia mtu. Kampala, mwaka ule kabla hujazaliwa, nilinunua simu mpya ndani ya sanduku lake, imefungwa nailoni, inang'aa. Nilipofika nyumbani nikafungua nikakuta kipande cha sabuni ya kufulia kimekatwa kikalingana na simu hata kwa uzito. Nilikaa kitandani na ile sabuni mkononi. Baba yako, Mungu amrehemu, aliuliza simu iko wapi, nikamwambia nimeiuza njiani kwa faida. Hata akanisifu. Na ile sabuni, mayi, niliifulia nguo.

Kutoka siku hiyo niliapa kwamba wezi nitawajua mimi kabla ya kila mtu. Ndiyo nikawa yule mama wa kupayuka sokoni, mafundi ni hivi, makanga wa matatu ni vile, mimi siibiwi. Watu wakipata jambo wanasema, tumuulize Mama Maziwa, yule ametembea. Nilikuwa naona raha sana.

Sasa nikuambie habari ya chuma.

Ukiwa kidato cha kwanza friji yetu ilikufa. Mala ikaharibika, nikawa namwaga maziwa shimoni huku naangalia pembeni. Nikaambiwa kuna fundi ana kibanda karibu na soko, mtu wa Bungoma, mpole, anaitwa Barasa. Alikuja kwa baiskeli na sanduku lake la vyombo. Alisikiliza friji kwa sikio kama daktari, akasema kompresa, ile pampu ya gesi, imekwisha. Mimi nikasimama juu ya kichwa chake kazi yote ile, nikimuuliza hii ni nini, hii unaipeleka wapi, usifikirie mimi ni mjinga. Hakukasirika. Alikata kabomba kadogo ka shaba, gesi ikatoka fyuuu, nikaruka nyuma nikamuuliza mbona anaua friji yangu. Akanieleza taratibu kwamba gesi lazima itoke yote kwanza, maana huwezi kuchomelea bomba kwa moto likiwa bado na gesi ndani. Ukijaribu, moto unakurukia usoni. Inatolewa, kompresa mpya inachomelewa, halafu unatia gesi nyingine.

Alipomaliza alichukua ile kompresa ya zamani, akatoa kikopo cha rangi nyeupe na kaburashi kama ka kupaka kucha, akaandika jina langu juu yake. MAMA NEKESA. Nikamuuliza hiyo ni ya nini, nipike nayo supu? Akasema ni desturi yake. Kila kitu anachotoa kwa friji ya mtu anakiandika jina na kumrudishia mwenyewe, hata kama ni takataka, ili siku moja asiambiwe alitoa kizima akaweka kibovu. Aliyemfundisha kazi alimfundisha hivyo. Nikamcheka. Nikasukuma kile chuma na mguu mpaka kwa mlango wa stoo, na hapo kikakaa. Jina liliangalia ukuta, ndiyo maana hujawahi kuliona.

Mwaka uliofuata, wewe uko bweni kidato cha pili, ikaingia video kwa grupu letu la akina mama wa soko. Wewe uliiona baadaye, wakati wa likizo. Mtu ameinama nyuma ya friji, sura haionekani vizuri, lakini shati la bluu na lile sanduku la vyombo kila mtu wa Kitale alilijua. Anakata bomba. Gesi inatoka fyuuu. Halafu anabeba kompresa anaenda nayo nje. Imeisha. Juu yake mtu ameandika: fundi wa Kitale akiua friji ya mama mjane ili amuuzie nyingine.

Mayi, mimi niliona kitu hicho kwa macho yangu mwenyewe jikoni kwangu, na nikaelezwa maana yake. Kwa hilo grupu zima hakuna mwingine aliyekuwa anajua. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema kitu cha kweli. Nikashika simu, nikabonyeza pale pa kurekodi sauti, nikaanza na kile kicheko changu unachokijua. Nikasema: "Akina mama, huyo namjua, alikuja mpaka kwangu, na mimi nilimsimamia kichwani kwa sababu nilijua mapema. Huyo ukimwachia friji hata barafu ataiba ikiwa bado maji."

Ndivyo nilivyosema. Sikusema uongo mkubwa, ukiangalia neno moja moja. Alikuja kwangu, kweli. Nilimsimamia, kweli. Hayo mengine ni mzaha. Wakacheka sana. Nikaona vile vikatuni vya kulia kwa kicheko vinapanda kimoja baada ya kingine, nikaweka simu chini nikakoroga maziwa, na moyo umetulia kama mtu ametoa sadaka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa napeleka mala kwa wateja nikaona watu wamejaa kwa kibanda cha Barasa. Friji za watu zimetolewa nje kwa matope. Sanduku lake limepinduliwa. Yeye amesimama mlangoni na mikono mbele namna hii, anaeleza, lakini nani anasikiliza. Mtu mmoja alikuwa na simu juu anamrekodi. Na mwingine, mayi, alikuwa anamchezea ile sauti yangu. Nikasikia kicheko changu mwenyewe kinatoka mbele ya watu na mimi niko nyuma na ndoo.

Halafu akaniona. Alikuwa mrefu, aliona juu ya vichwa. Uso wake ukafunguka kama mtu ameona ndugu. Akaita: "Mama Nekesa, si wewe nilikurudishia yako na jina lako juu? Waambie."

Wakageuka wote.

Mwanangu, ilikuwa neno moja tu. Ndiyo. Hata sikuhitaji hadithi. Lakini wote walikuwa wananiangalia na nyuso za watu wanaongoja kucheka, na mimi nyuso hizo sijawahi kuzinyima. Nikasema, "Alinirudishia, ndiyo, nikaipika mpaka leo haijaiva."

Wakacheka. Na kicheko kilipoisha, walikuwa wamemsogelea. Kabla ya hapo walikuwa wanapiga kelele tu, walikuwa mbali naye. Mimi niliona. Sijui nani alianza, na sikuona mawe. Niliona tu ameinama kushika sanduku lake, mtu akamkanyaga mkono wa kulia, halafu mwingine, halafu nikaondoka. Niliondoka na ndoo yangu nikaenda kupeleka maziwa. Sikumwaga hata tone.

Barasa alirudi kwao wiki hiyohiyo. Kibanda mwingine akakipaka rangi akauza viatu.

Uliporudi likizo ulichukua simu yangu ukaitazama ile video. Nakumbuka ulikuwa umekaa pale kwa kigoda unakula mahindi. Ukaicheza mara mbili, mara tatu, ukaniuliza, "Mama, mbona hii imeanzia katikati? Kabla akate bomba alikuwa anafanya nini? Na baada ya kutoka nje?" Ukaniuliza pia ni nani alikuwa ameshika simu na mbona hasemi kitu. Maswali ya mtoto wa kidato cha pili na mahindi mdomoni. Mimi niliyefika Juba sikuwa nimejiuliza hata moja. Nikakuambia uache umbea usome. Ukarudi kwa mahindi yako. Lakini sauti yangu wewe hukuisikia, maana ilikuwa imepita kando, haikuwa ndani ya video, na mimi nilikuwa nimeifuta kwa simu yangu kabla hujafika. Nilifuta, Nekesa. Mtu asiye na kosa anafuta nini?

Baada ya mavuno ya mwaka huo nilienda mji mdogo wa Kwanza kutafuta mahindi ya bei nzuri. Nikaingia kwa hoteli ya mama mmoja kunywa chai. Friji ilikuwa kwa kona inanguruma vizuri. Na karibu na jiko, kuna chuma cheusi amekalishia birika. Juu yake rangi nyeupe, mwandiko uleule, ile herufi A yenye mguu mmoja mrefu. MAMA PENDO. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza tu. Akaniambia hiyo friji ndiyo ya video. Barasa alimtengenezea hapohapo Kwanza, akatoka nje kuandika jina kwa sababu ndani kulikuwa na giza, akarudi akaweka mpya, mpaka leo haijasumbua. Aliyerekodi alikuwa mteja, jamaa mzima na ndevu zake, alikuwa anangoja chapati akaona ile gesi inatoka akadhani amekamata mwizi. Chapati ilipofika akazima simu. Mama Pendo alisema alijaribu kueleza watu. Aliwaambia hata hajawahi kuwa mjane, mume wake ndiye yule anapasua kuni nje. Wakamwambia amehongwa.

Nilikunywa ile chai, mayi, sijui ilikuwa na sukari au la.

Nikarudi nyumbani nikakigeuza kile chuma. Jina langu lilikuwa linaangalia ukuta muda wote huo. Nikalirudisha vilevile liangalie ukuta.

Ungesema, hapo ndipo ningesema. Niliambia moyo wangu nitasema Jumapili. Jumapili ikafika nikaona nitasema watu wakiwa wachache. Watu wakawa wachache nikaona mbona nisumbue hao wachache. Ukiahirisha namna hii kwa miezi mitatu, hofu yenyewe inaisha, unabaki na kitu kigumu tu ndani ambacho unakizunguka ukipita, kama vile tunavyozunguka chuma kwa mlango.

Lakini chenyewe hakikuniacha. Unajua friji inapozima halafu inawaka tena inafanya kama mtu anakohoa kidogo kabla ya kusema? Mimi nikisikia hivyo nageuka. Miaka mitatu nageuka. Na mara moja Lwakhakha, ng'ambo ya pili, nimekaa na wanawake tunangoja mvua ipite, mmoja akatoa simu akasema sikilizeni huyu mama wa Kenya anavyochekesha. Nikajisikia mwenyewe. Hata barafu ataiba ikiwa bado maji. Walicheka mpaka wakashikana. Mmoja akaniangalia akasema, sauti yake ni kama yako, bana. Nikasema mimi siwezi kuchekesha hivyo. Ndiyo siku pekee katika maisha yangu nimekataa sifa.

Sikatai kuna mafundi wezi. Wapo, hata ile sabuni mtu aliikata kwa kisu akaona ametengeneza maisha. Lakini baada ya Kwanza nikaanza kuziangalia hizi video kama wewe na mahindi yako. Kuna moja ilikuja, fundi wa televisheni anamwaga chai ndani ya televisheni ya mteja kwa makusudi, wanasema ni Mombasa. Baada ya siku chache ikaja nyingine, fundi wa pikipiki anaiba plagi, wanasema ni Uganda. Mayi, ilikuwa mtu mmoja. Shati moja, mfuko mmoja umechanika upande mmoja. Huyo jamaa alikuwa na ufundi mwingi au nauli nyingi. Watu elfu ngapi sijui walikuwa wamemtukana huko chini, na yeye pengine alikuwa nyumbani anakunywa uji. Niliwaandikia kwa grupu kwamba ni mtu mmoja. Wakaniambia, Mama Maziwa, usituharibie. Nilijua wanasema nini. Mimi ndiye nilikuwa nimewafundisha ladha yake.

Sasa tuje kwako.

Wiki tatu zilizopita uliingia hapa unaruka. Umezunguka mafundi wa Kitale wote wakakuambia msichana atafanya nini na friji, aende akasuke. Halafu ukasikia kuna mmoja Myanga, ukaenda, akakubali kukufundisha kazi. Nikauliza ni nani, wewe unavua viatu, ukasema Barasa. Nikamwaga chai. Nikakuambia kikombe kimeteleza.

Ukaniambia anasema haangalii kama ni msichana, anatafuta mikono, kwa sababu wake wa kulia hauwezi tena kushika moto wa kuchomelea, vidole viwili havikunjiki. Hakukuambia ni kwa nini, na wewe kwa adabu hukuuliza. Ulisema tu ni mtu anayenyamaza sana, na kwamba ukiwa mwanafunzi wake kitu cha kwanza ni kushika kaburashi na rangi nyeupe.

Nikaanza kukuletea maneno. Mbona usijifunze ushonaji, mbona usingoje chuo, Myanga ni mbali. Ukanijibu kitu ambacho kilinichoma, kwamba hata mimi kumbe ni kama wale wanaume. Nilikuacha uamini hivyo kwa sababu ilikuwa afadhali kuliko ukweli. Nisamehe hapo kwanza, kabla ya kwingine.

Halafu ukanipa salamu zake. Ulikuwa umezisahau, ukazikumbuka siku ya pili unaosha vyombo. Ulisema alikuuliza kwenu ni wapi na mama yako anafanya nini, ukamwambia maziwa, Kitale, Mama Nekesa. Halafu akasema, "Msalimie. Muulize friji yake bado inagandisha?"

Ulidhani ni mzaha wa mafundi.

Kwa hivyo anajua. Anajua wewe ni nani, na amekubali kukufundisha. Nimelala na hilo wiki tatu na bado sijui ni wema au ni kitu kingine, na sijui ni lipi linanitisha zaidi. Wewe kesho unaenda kukaa kwa benchi ya mtu ambaye mkono wake uliharibika kwa sababu ya mdomo wa mama yako, na utakuwa mkono wake, na ungeenda hivyo bila kujua, ukinisifu kwake njiani, maana najua unanisifu.

Leo asubuhi nilirekodi sauti nyingine. Nimeiweka kwa grupu lilelile. Nimesema yote, kwa jina langu, kutoka ile gesi mpaka mkono. Sikutia mzaha hata mmoja, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kukuzaa. Ile ya kwanza, kufika saa nane mchana ilikuwa imeshasambaa mpaka Webuye. Hii nimeangalia sasa hivi. Mmoja ameweka mikono ya kuomba. Mmoja ameandika pole mama. Mmoja ameuliza kesho kuna mala. Nadhani wengi waliifungua, wakangoja pale pa kucheka, hawakupaona, wakafunga. Haitafika Lwakhakha. Nilitaka nikuambie kwamba nimerekebisha, lakini sijarekebisha. Nimesema tu.

Siku moja, mayi, wewe utakuwa umeinama nyuma ya friji ya mtu, na nyuma yako mtu atatoa simu. Hutasikia. Utakata bomba kwa sababu lazima likatwe. Siwezi kukufundisha namna ya kuzuia hiyo simu. Huyo unayemwendea, kama kuna mtu anajua, ni yeye. Mimi ninachojua ni upande ule mwingine, wa mtu aliyesimama nyuma na ndoo akaitwa kwa jina. Ukiitwa, jibu. Usitafute neno zuri.

Na ukichekesha watu, maana umerithi, mimi najua, angalia ni nani hacheki.

Nilipoanza barua hii mpango wangu ulikuwa nikuwekee kila kitu chini ya blanketi, barua na chuma, uvikute Myanga ukifungua begi. Mimi nitakuwa hapa nauza maziwa. Nimefika kwa ukurasa huu ndiyo nimeona ninafanya nini. Ni ile sauti tena. Ni mimi nasema na siko, na mtu mwingine anasimama mbele ya watu na maneno yangu. Nilitaka wewe ubebe chuma changu mpaka kwa mlango wa yule mtu, na shingo yako hiyo nyembamba.

Nimeinuka sasa hivi nikakitoa. Begi lako ni jepesi tena, unaweza hata kuongeza unga.

Barua hii nitakupa mkononi ukirudi, usome hapa mezani mimi nikiwa jikoni. Nitajifanya napika. Ukimaliza, ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kwenda kulala kwa shangazi yako, nitakuelewa. Kesho sipeleki maziwa. Nimewaambia wateja. Naenda Myanga na wewe kama utakubali, na usipokubali nitatangulia, na hicho chuma nitakibeba mimi kwa leso, jina likiangalia nje.

Inawezekana akatufukuza wote wawili. Hilo ndilo linaniuma, kwamba kusema kwangu kunaweza kukuchukulia kitu ulichokitafuta kwa miguu yako mwenyewe Kitale nzima. Nimeligeuzageuza. Lakini najua hungetaka kufundishwa na mtu anayenyamaza kwa ajili yako huku mama yako ananyamaza kwa ajili yake mwenyewe.

Mlango wa stoo umejifunga sasa hivi kwa upepo, paa, nikaruka. Tutautafutia jiwe.

Nasikia unamsalimia jirani hapo kwa lango. Kichwa kimeisha mapema leo. Haya. Yule mtu aliniuliza swali, na swali hilo nimekaa nalo wiki tatu. Inagandisha, haijawahi kusumbua hata siku moja, na nitamwambia hivyo mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama, kabla hajatukaribisha kukaa.

Ni mimi,
Mama yako